Ugali Aliokataa Noela

Gari lilikuwa limeshaipita Katoro na kushika njia ya Ushirombo, ndipo Maduhu alipokumbuka kumwambia mkewe afunge mkanda.

"Huu mkanda ulinifika mara ya mwisho mwaka juzi," Noela alisema. "Leo umekumbuka nini?"

"Kuna askari mbele."

"Waambie umebeba mzigo."

Maduhu alicheka peke yake. Askari aliwasimamisha kweli. Alichungulia dirishani, akamtazama Noela, akautazama mkanda uliolazwa juu ya paja bila kufungwa, akarudisha leseni. "Safari njema, mama," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani. Noela angependa wapigwe faini kama watu wengine.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa saba. Alhamisi yake, katika hospitali moja kubwa ya Dar es Salaam, daktari angemkata sehemu kubwa ya tumbo la chakula, aitupe, amwachie kipande cha ukubwa wa ndizi moja. Miaka kumi na moja Noela alikuwa amejaribu mengine yote. Alikunywa maji ya ndimu mpaka meno yakafa ganzi. Alikula kabichi mwezi mzima. Alinunua majani ya chai ya Kichina yaliyomkimbiza chooni wiki mbili, akapungua kilo nne, zikarudi sita. Alifunga Ramadhani na Swaumu, rafiki yake wanayeshirikiana mgahawa pale Kalangalala, yeye Mkatoliki, na bado akaongezeka. Kutwa alipikia wachimbaji wali na maharage, asionje hata chumvi. Watu walipomwona akihema mbele ya jiko walisema mwenye hoteli hujipakulia kwanza.

Siku chache kabla ya safari, daktari alitaka uzito wake wa karibuni. Mizani ya kituo cha afya iliishia kilo mia na ishirini, ikagota. Nesi akaandika kikaratasi, akamtuma kwenye ghala la pamba. Noela alipanda juu ya mizani ya magunia mbele ya wakulima waliopanga foleni, na yule mpimaji, kwa mazoea yake tu, akamtangazia karani kwa sauti: "Mia hamsini na mbili!" Foleni ikacheka. Mtu mmoja nyuma akauliza, "Daraja la kwanza au la pili?"

Noela alishuka, akachukua karatasi yake, akasema asante.

"Dokta Theonest amepiga?" Maduhu aliuliza walipoiacha Ushirombo.

"Amepiga asubuhi. Yaleyale."

Yaleyale ni kwamba kwa siku kumi na nne kabla ya kisu Noela hakutakiwa kula kitu cha kutafuna. Alikunywa maziwa ya unga maalumu, vijiko viwili kwenye maji, mara nne kwa siku. Leo ilikuwa siku ya kumi na mbili. "Ini la mtu mnene linalala juu ya tumbo kama paka juu ya gunia," daktari alimweleza. "Siku kumi na nne za kunywa tu zinalifanya linywee, nipate njia. Ukila, sitakuuliza. Nitafungua, nitaliona, nitafunga, utarudi Geita na kovu." Tena alimkataza maji yoyote ambayo si ya chupa wala hayakuchemshwa. Mgonjwa anayeharisha hapasuliwi.

"Sasa kwa mayu," Maduhu alisema, akimaanisha mama yake, "habari ya kukatwa tumbo usiitaje. Sema unakwenda kutibiwa magoti."

"Kwa nini nimdanganye mtu mzima?"

"Si kumdanganya. Magoti si yanauma? Pale kijijini watasema Maduhu kaoa mlafi mpaka kapelekwa kushonwa tumbo. Mimi nina jina pale, Mama Nelly."

"Basi tusipite. Twende moja kwa moja."

"Niende Dar na mke wangu anaingia kwenye kisu, mama yangu simuagi? Hapana."

Noela hakubisha tena. Ukweli ni kwamba aliona nafuu. Aibu ile ilikuwa ya mumewe kwa maneno tu. Mwenye kuibeba mwilini alikuwa yeye.

*

Walifika saa tisa alasiri, kijiji kilichoingia ndani kidogo kutoka Isaka. Uani wanawake watatu walikuwa wanamenya viazi vya michembe, wanavikata vipande na kuvianika juu ya mwamba. Mmoja alikuwa Violeth, mke wa Bujiku, kaka yake Maduhu. Wawili walikuwa majirani. Bibi Minza mwenyewe alitoka jikoni akijifuta macho kwa pembe ya khanga. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wote wa umri wake pale wanaopikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kikavu tangu usichana.

Mke wa mtu hapo kwao hupiga magoti akimsalimia mama mkwe. Noela alishika mlango wa gari, akainama kadiri alivyoweza, akaishia katikati.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, ng'winga." Bibi alimwita hivyo, bibi harusi, ijapokuwa ndoa ilikuwa na miaka kumi na minane. "Inuka, inuka. Utaangukia viazi vyangu."

"Geita hawapigi magoti siku hizi," jirani mmoja alisema, akicheka na kisu chake.

"Magoti yanamuuma," Maduhu alidakia. "Ndiyo tunayapeleka Dar."

"Pole. Aletewe kigoda?"

"Kigoda kipi kitamuweza huyo?" jirani wa pili alisema. "Pindueni kinu."

Wakapindua kinu, wakamkalisha. Watu walicheka, Noela naye alicheka. Alikuwa na kicheko maalumu kwa mambo ya namna hiyo, kifupi, kisichofika machoni.

Bibi Minza alichinja jogoo. Alisonga ugali wa mtama, akatoa maziwa ya mgando aliyokuwa ameyatunza tangu aliposikia wanakuja. Wanaume, yaani Maduhu na Bujiku, walitengewa upande wa zizi. Wanawake walikaa kuzunguka sinia moja. Violeth alichukua birika, akaanza kuwanawisha mmoja mmoja. Alipofika kwa Noela, Noela hakutoa mikono.

"Mimi nimeshiba, shemeji. Nilikula njiani."

Violeth alibaki na birika hewani. "Njiani wapi?"

"Kahama."

"Jogoo wangu amekufa kwa ajili ya nani, basi?" Bibi aliuliza, akitabasamu. "Onja tu. Tonge moja."

"Nimeshiba kweli, mayu."

"Nikupe uji?"

"Hapana, mayu. Ahsante."

"Maziwa?"

Noela alitikisa kichwa.

"Basi hata maji. Umetoka mbali na jua hili." Bibi alichota kwa kata kutoka kwenye mtungi. Maji ya lambo mwezi wa saba yana rangi ya chai ya maziwa. Noela aliyatazama, akamkumbuka Dokta Theonest. Aliingiza mkono kwenye mkoba, akatoa chupa ya maji ya dukani, na ili aonyeshe kwamba hana kiburi, akaifungua akanywa palepale.

"Ninayo, mayu. Usijisumbue."

Kata ilibaki mkononi mwa bibi, maji yanadondoka polepole kwenye vumbi. Violeth aliliweka birika chini. Jirani mmoja aliliacha pembeni ya sinia tonge alilokuwa ameshalikata. Akajifuta vidole kwenye nguo. "Jamani, nimekumbuka mbuzi wangu sijawahamisha," alisema, akanyanyuka. Wa pili akamfuata bila kutaja sababu.

Kuna kitu lazima kisemwe hapa. Masika ya mwaka ule Amosi, mtoto wa mwisho wa Bujiku, miaka saba, alipata homa Ijumaa akafa Jumapili. Bibi Minza ndiye aliyemuogesha Ijumaa ile. Tangu hapo maneno ya uchawi yalikuwa yanatembea chini kwa chini, hayajapata mtu wa kuyasema waziwazi. Na mahali pale, mtu akikataa chakula cha mwanamke mzee, akakataa uji wake, akakataa mpaka maji yake, akatoa yake mkobani, hahitaji kusema neno. Ameshasema.

Noela alizaliwa kwa watu haohao. Alijua. Alilijua mara tu kifuniko cha chupa kilipolia. Ulimi ulikuwa tayari: mayu, nimekatazwa, nakwenda kukatwa tumbo. Alimtazama Maduhu upande wa zizi. Maduhu alikuwa ameona yote, akainamia paja la jogoo.

"Mwacheni huyo," aliita kutoka kule. "Ana magoti."

"Tangu lini magoti yanakula?" Violeth alisema, si kwa sauti kubwa.

Bibi Minza aliyarudisha maji mtungini kidogo kidogo, kama mtu anayeogopa kuyamwaga.

*

Kesho yake walitoka mapema. Waliacha gari kwa rafiki yake Maduhu mwenye kituo cha mafuta pale Isaka, wakakaa kwenye benchi kusubiri basi la Dar. Malori ya mizigo ya Rwanda na Kongo yalikuwa yamepanga mstari kando ya barabara. Madereva walipiga mswaki, wakatema chini ya matairi. Noela alikuwa ametikisa maziwa yake na kuyanywa. Siku ya kumi na tatu.

Simu ikaita. Violeth.

"Mama Nelly, umeshapanda basi?"

"Bado, shemeji."

"Basi sikiliza. Mayu ameamka amekuta karatasi imechomekwa kwenye mlango wake. Bujiku ameisoma. Inasema ahame kabla mwezi haujaandama, asipohama watamhamisha wenyewe. Na chini wameandika, hata wa mjini hanywi maji yake."

Noela aliikamata simu kwa mikono miwili. "Bujiku anasemaje?"

"Hasemi. Amekaa chini ya ukuta tangu asubuhi. Tangu Amosi afe amekuwa hivyo. Akikaa bila kusema mimi namuogopa."

"Na wewe, Violeth? Wewe unasemaje?"

Lori likapiga honi.

"Mimi mtoto wangu amekufa, Mama Nelly. Mimi sijui."

"Sikiliza, shemeji. Sikukataa kwa ubaya. Nakwenda kupasuliwa tumbo, nipungue. Daktari amenikataza kula siku kumi na nne. Waambie hivyo."

"Kupasuliwa tumbo? Si magoti?"

"Ni tumbo."

"Jana ilikuwa magoti, leo tumbo. Nikawaambie hivyo? Watasema Maduhu amekufundisha la kusema."

Simu ilikatika. Maduhu alikuwa ameyasikia yote. Alisimama, akakaa, akasimama tena. "Nampigia mwenyekiti wa kijiji. Polisi wa hapa nawajua, waende wakalale pale."

"Watalala siku ngapi?"

"Basi nampeleka mayu Geita. Leo hiihii."

"Akikimbia ndiyo amekubali. Na nyumba watachoma."

"Sasa unataka nini, Noela?" Hakuwa na mazoea ya kumwita jina. "Mimi nirudi kwa mayu, wewe uende. Swaumu atakufuata Dar kesho."

"Wewe urudi ufanye nini? Wewe ulikula."

Maduhu alilivuta begi karibu na miguu yake.

Noela alimpigia Dokta Theonest. Alimweleza kwa kifupi. Daktari alikuwa mtu mwema. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nakusikitikia. Lakini chakula kigumu siku mbili kabla, na hayo maji ya lambo, sikupasui. Kanuni si yangu peke yangu. Hii timu ya wageni ninayofanya nayo inaondoka Ijumaa, inarudi mwezi wa kumi na moja."

"Nikisubiri mwezi wa kumi na moja?"

"Ukisubiri nitakuandikia. Ila nilishakwambia, na sukari yako ile, na presha, na moyo. Tusidanganyane. Mimi ningekuwa wewe ningepanda basi."

Basi likaja. Utingo aliruka kabla halijasimama, daftari kwapani. "Mama wa siti mbili! Yuko wapi mama wa siti mbili?" Vijana wa mahindi ya kuchoma waligeuka kumtafuta mama wa siti mbili, wala hawakupata shida kumpata.

Noela alikuwa na mambo matatu aliyoyataka, akiyahesabu kila asubuhi kama rozari. Alitaka kulala chali bila kuhisi kama amekabwa. Alitaka kupanda ngazi za kanisa la Geita bila kusimama katikati na kujifanya anasoma tangazo. Na siku ya ndoa ya Nelly, binti yake, alitaka aimbe na kina mama amesimama, asiletewe kiti. Yote yalikuwa ndani ya basi lile, siti namba kumi na moja na kumi na mbili. Injini ilikuwa inanguruma. Maduhu alishika begi, mguu mmoja kwenye ngazi, akimtazama.

"Nenda, mama," alisema. "Nakuomba. Yale ya kwetu niachie mimi."

"Ungeyaweza jana," Noela alisema. "Chakula hakiliwi kwa simu, Baba Nelly. Shusha begi."

Utingo hakuuliza. Aliziuza siti zile mbili kwa dereva mmoja wa lori na mkewe kabla Noela hajavuka barabara.

*

Alimpigia Violeth njiani. Alimwambia awaite wale majirani wawili na mwingine yeyote atakayetaka kuja, na amwambie mayu awashe jiko.

Jiko halikuwa limewashwa. Bibi Minza alikuwa amekaa mlangoni, karatasi ameikunja kwenye fundo la khanga pamoja na sarafu zake, kana kwamba nayo ni kitu cha kutunzwa. Bujiku alikuwa chini ya ukuta. Wanawake walikuja, si wawili, tisa au kumi. Walisimama mbalimbali kwa namna ya watu wanaopita tu.

Noela aliketi juu ya kinu. Alipaza sauti, ili anayesimama kwenye uzio naye asikie.

"Mayu, nina njaa. Kuna nini?"

"Kuna kiporo," bibi alisema. "Cha jana."

"Nipashie. Na maji. Nina kiu."

Bibi alimnawisha mwenyewe. Maji yalimwagika zaidi pembeni kuliko viganjani. Noela alipiga ile kata ya maji ya lambo mpaka chini, akaomba ya pili. Halafu akakata tonge.

Sasa, jambo hili Noela hakumwambia mtu kwa muda mrefu. Alikuwa hajatafuna kitu siku kumi na tatu. Alirudi pale kwa huzuni, akiwa na nia ya kumuokoa mtu, kama anayekwenda kunywa dawa chungu. Lakini tonge la kwanza la ugali wa mtama, limechovywa kwenye mchuzi wa jogoo uliolala, lilikuwa tamu kiasi kwamba machozi yalimtoka. Wanawake waliyaona machozi, wakanong'onezana kwamba anajuta. Yeye alikuwa anakula. Alikula la pili na la tano. Alimaliza, akafuta sahani kwa kidole, akaomba tena, na hakujua kama anaomba kwa ajili ya watu waliosimama au kwa ajili yake mwenyewe.

"Taratibu, ng'winga," bibi alisema. "Hakikukimbii."

Jirani mmoja, yule wa mbuzi, alisogea. "Nasikia wanakwenda kukukata tumbo?"

"Walikuwa wanakwenda. Nipungue."

"Walikukataza kula?"

"Walinikataza."

"Na mbona sasa unakula?"

"Nakula kwa mama yangu," Noela alisema, mdomo umejaa. "Wewe huli kwa mama yako?"

Mtu mmoja alicheka. Kicheko kile kililegeza kitu. Bujiku alinyanyuka kutoka ukutani. Alikuja taratibu, akachuchumaa mbele ya sahani bila kunawa, akamtazama mama yake kwa muda, halafu akaingiza mkono. Alikula matonge matatu. Alipoondoka, wale wanawake nao walianza kuagana, kila mmoja amekumbuka kazi yake.

Violeth hakula. Alikusanya vyombo.

Walipobaki wawili, Bibi Minza aliketi chini karibu na kinu, akanyoosha miguu.

"Ulikuwa umekatazwa kweli?"

"Kweli, mayu."

"Na maji yangu, walikukataza nayo?"

"Walisema ya chupa. Au yaliyochemshwa."

Bibi alifikiri. Alikuwa anachora kitu chini kwa kijiti, mistari tu.

"Sasa mbona hukusema? Mimi ningekuchemshia. Ungekunywa maji yangu ya moto mbele yao hapa, kikombe kimoja tu, na mimi ningewaambia huyu ng'winga wangu ni mgonjwa, mwacheni. Ungekwenda zako na ungekatwa tumbo lako."

Noela alimtafuta Maduhu kwa macho. Maduhu alikuwa ameegemea gari, mgongo umewaelekea, anajifanya anakagua tairi.

"Niliona aibu, mayu."

"Ya nini?"

"Ya huu mwili."

"Ah," bibi alisema. Akamshika kifundo cha mguu kilichovimba, akakibinya kidogo, kama anayejaribu embe. "Mimi nilidhani umeniogopa. Usiku wote nilikuwa najiuliza kama kweli kuna kitu nimemfanyia yule mtoto bila kujua."

*

Noela aliharisha siku tatu. Dokta Theonest alimwandikia tarehe ya mwezi wa kumi na moja kama alivyoahidi. Mwezi wa kumi duara la Maduhu, shimo lake la kuchimbia dhahabu, lilijaa maji, ikabidi inunuliwe mashine ya kuyavuta, na fedha iliyokuwepo ilikuwa ile ya hospitali. Maduhu alisema ni kwa miezi miwili. Noela hakumbishia. Tarehe ikapita. Walipata nyingine ya mwaka uliofuata, Noela akaanza tena kunywa maziwa ya unga, na siku ya sita akaanguka jikoni kwa kiharusi. Alipona nusu. Madaktari walisema kwa hali hiyo hawezi tena kulazwa kwa dawa ya usingizi, na habari ya upasuaji ikaishia hapo.

Aliyeandika ile karatasi hakujulikana. Mwenyekiti aliwaita vijana kadhaa, wakakana, wakaachiwa.

Bibi Minza aliishi miaka miwili na miezi kadhaa. Hakuhama. Alikufa kwa kifua mwezi wa tano, ndani ya nyumba yake, akazikwa karibu na Amosi. Watu walikuja wengi na walikula.

Bujiku aliuza ng'ombe wanne, akahamia Kahama, anapakia mchanga. Violeth alijifungua mtoto wa kike. Hakumpa jina la bibi yake.

Mgahawa wa Kalangalala sasa unaendeshwa na Swaumu. Kila Jumamosi anapeleka fungu la Noela na chakula kwenye hotpoti. Dokta Theonest alihamia hospitali nyingine. Aliwahi kupiga simu mara moja kujulia hali.

Maduhu bado ana duara. Siku hizi huwaeleza watu wote habari ya ule upasuaji, wachimbaji, waumini, hata abiria asiowajua, anawaeleza mpaka ukubwa wa tumbo ambalo lingebaki. Wanamsikiliza, halafu wanamuuliza kwa nini hakumpeleka.

Nelly aliolewa bomani, bila sherehe, na amepanga nyumba ya jirani na wazazi wake. Noela ana miaka arobaini na sita. Mkono wa kushoto haufanyi kazi. Asubuhi anatembea kwa gongo mpaka barazani, anakaa hapo mpaka jua linapogeuka, halafu Nelly anakuja kumrudisha ndani.